Nani Alihesabu Maua Haya?

Nilipangiwa kituo cha utafiti wa kilimo cha Naliendele, Mtwara, kuanzia Julai, na kwa anayetaka kuujua mkorosho hakuna mwezi bora kuliko huo. Mvua za kusini zimeshakatika, asubuhi kuna kibaridi na umande, machipukizi yanatoka na mashada ya maua yanayafuata. Ugonjwa wa ubwiriunga nao huamka wakati huo huo, maana kuvu inayouleta haihitaji mvua. Inahitaji ubaridi, unyevu wa alfajiri na maua machanga, na Mtwara ya Julai na Agosti huipa vyote. Wenzangu waliopelekwa kwenye vituo vya mahindi walikuta mabua makavu na kazi ya kupanga mafaili. Mimi nilikuta watu wanaamka saa kumi ya usiku kwenda shambani.

Fildi, kama tunavyoiita wanafunzi, ni sharti la kumaliza mwaka. Kitabu cha kumbukumbu kijazwe kila siku na kisainiwe na msimamizi wa kituoni, mwalimu aje kukagua, mwisho uandike ripoti. Wengi huichukulia kama kipindi cha kuvumilia. Nayaandika haya miaka kadhaa baadaye, nikiwa afisa ugani wa kata huko huko kwenye ukanda wa korosho, kwa sababu wanafunzi hunijia wakiuliza wakifika kituoni wakazanie nini. Wanategemea niwatajie maabara, au programu za kompyuta. Nawaambia wajifunze kuhesabu.

Simaanishi hesabu ya darasani. Hiyo tulikuwa nayo. Mwalimu wa takwimu alitupa majedwali yaliyokwisha kujazwa, tukayaingiza kwenye kompyuta, tukatoa wastani, tukapima kama tofauti ni ya kweli au imetokea kwa bahati tu, tukaweka nyota mbili juu ya namba iliyofaulu. Hakuna aliyeuliza namba yenyewe imetoka wapi. Ilikuwa imo kwenye jedwali, basi. Naliendele ndiko nilikokutana na namba kabla haijawa namba, ikiwa bado shada la maua lenye unga mweupe upande mmoja, na mtu mwenye penseli akijaribu kuamua aandike 3 au 4.

Kazi yenyewe hufanyika hivi. Unauchukua mti upande mmoja baada ya mwingine, na kila upande unaegemeza fremu ya mbao ya mita moja kwa mita moja. Ndani ya fremu unahesabu machipukizi yote, kisha yaliyotoa maua, kisha unachunguza mashada na kulipa kila moja namba ya ugonjwa, kuanzia 0 lililo safi hadi 6 lililofunikwa lote. Ukisimuliwa unaona ni kazi ya mtoto. Lakini shada la mkorosho lina mamia ya maua, mengi yakiwa ya kiume, na machache yenye jinsi mbili ambayo ndiyo pekee yanayoweza kuzaa korosho. Yale ya kiume hufunguka, weupe wake hugeuka wekundu, kisha hunyauka na kudondoka. Huo ni mwisho wake wa kawaida, ugonjwa haumo. Ua lililoshikwa na ubwiriunga nalo hukauka, likawa na rangi ya kahawia. Jua likishakuwa kali na upepo wa mchana ukivuma, unga wenyewe hauonekani vizuri. Kwa hiyo jicho linatakiwa litenganishe ua lililokufa kwa uzee na lililokufa kwa maradhi, kwenye kitu kinacholingana na punje ya mchele, juu ya tawi linaloyumba, na orodha ya miti ya kumaliza bado ndefu.

Ndiyo maana kabla ya kila zamu ya kuhesabu kulikuwa na zoezi. Mtafiti, fundi wa shamba, vibarua na sisi wanafunzi tulisimama chini ya mti mmoja usio wa jaribio, kila mtu akaandika namba zake bila kuchungulia za mwenzake, kisha zikasomwa kwa sauti. Zilipishana vibaya. Na kupishana kwenyewe kulikuwa na mwelekeo: wageni tulipandisha namba kwa sababu kila ua kavu kwetu lilikuwa mgonjwa, na vibarua wa siku nyingi, waliokwishaona miti iliyoungua yote, walishusha, maana mti wa ugonjwa wa wastani machoni pao ulikuwa mzima. Hakuna aliyekuwa akidanganya. Tulibishana shada kwa shada mpaka macho yakakaribiana, ingawa hayakuwahi kuwa sawa kabisa.

Kwa kuwa hayawi sawa, kazi hupangwa ili tofauti hiyo isiipendelee dawa yoyote inayojaribiwa. Jaribio lina bloku kadhaa, na ndani ya kila bloku kila dawa ina miti yake iliyochaguliwa kwa kura. Mtu mmoja huhesabu bloku nzima. Akiwa mkali, atakuwa mkali kwa dawa zote zilizomo, na ukali wake utafutika wakati wa kulinganisha. Lakini ukimpa huyu miti yote ya dawa ya salfa na yule miti yote ya dawa ya maji ili kazi iishe mapema, mwisho wa msimu utakuwa umelinganisha macho ya watu wawili, na hakuna kompyuta itakayoweza kukutenganishia dawa na jicho. Chuoni nilikuwa nimekariri habari za bloku pamoja na maelezo ya rutuba na mteremko wa shamba. Kwamba binadamu naye ana mteremko wake, hilo halikuwamo kwenye daftari langu.

Kati ya vibarua alikuwapo mama mmoja wa kijiji cha jirani ambaye wenye shahada za juu walimwita walipobishana. Hakuanza kutazama pale unga ulipo wazi. Aliligeuza shada lote, akakagua vikonyo vya maua upande wa chini, usiopigwa na jua, ambako unga hudumu. “Mwanangu, usianzie juu,” aliniambia. “Juu kila mtu anaona.” Alikuwa na kasi ya ajabu, na namba zake za asubuhi na za jioni hazikuachana, jambo ambalo mimi na wenzangu tuliokuwa fildi hatukuliweza mpaka tunaondoka.

Nimesoma makala nyingi za utafiti wa kilimo tangu hapo, za nchi nyingi, na watu kama yeye huonekana mwishoni, kwenye shukrani, wakiitwa wafanyakazi wa shamba. Aina ya mzani hutajwa. Aina ya programu ya kuchambulia hutajwa, tena na toleo lake. Waliohesabu walikuwa wangapi, walifundishwaje, na kama macho yao yalipatanishwa kabla, hayo hayatajwi, ingawa ugonjwa wote uliomo kwenye jedwali umepita machoni mwao. Mimi naona ni upungufu wa kisayansi kabla hata ya kuwa upungufu wa adabu.

Asiyejua historia ataona ukali huu wote juu ya namba moja ni mchezo. Msimu wa 1973/74 Tanzania ilivuna korosho zipatazo tani 145,000. Msimu wa 1986/87 hazikufika 20,000. Sababu hazikuwa moja. Watu walikuwa wamehamishiwa vijiji vya ujamaa na mikorosho yao ikabaki mbali, bei ya mkulima ilikuwa duni, pori likaingia mashambani. Kisha ubwiriunga, ulioanza kuonekana mwishoni mwa miaka ya 1970, ukaja kumalizia. Wazee wa Newala na Tandahimba wanakumbuka miti ikichanua na kukauka bila kuacha bibo la kuonja. Salfa ndiyo iliyogeuza mambo, baada ya utafiti uliofanyika Naliendele kuonyesha ipulizwe kiasi gani, lini, na kwa kupishanisha siku ngapi. Miche bora na bei iliyopanda vilifanya sehemu yake. Msimu wa 2017/18 nchi ilivuna zaidi ya tani 300,000. Mapendekezo ambayo mimi leo nawasomea wakulima, ya gramu 250 kwa mti mkubwa kila baada ya wiki mbili, yalitoka kwenye fremu kama zile. Kuna mtu alisimama chini ya tawi akaandika 2, hakuandika 3.

Salfa yenyewe hupulizwa kabla jua halijapanda, wakati majani yana umande wa kushika vumbi na upepo umelala. Kwa hiyo saa kumi ya usiku mnatoka na tochi. Bomba la injini hubebwa mgongoni, likinguruma kiasi kwamba watu huelekezana kwa mikono, na vumbi la njano hupanda ndani ya mti mpaka kileleni. Tulikuwa na miwani na barakoa, na bado macho yaliwasha hadi kifungua kinywa. Vijijini wengi hujifunga kanga au shati usoni, basi, na hilo ni jambo ambalo nalisemea kila msimu hadi sauti inakauka.

Ugumu wa kitafiti ni kwamba salfa haijui mipaka ya jaribio. Kaupepo kakiamka mapema, vumbi huvuka hadi kwenye mti usiopuliziwa, ule wa kulinganishia, nao unapona nusu pasipo kuandikwa popote. Mikorosho hupandwa kwa mita 12 kwa 12 na nafasi hiyo bado haitoshi. Katikati huachwa miti ya mpaka, ambayo hupuliziwa au kuachwa kulingana na mpango lakini haihesabiwi kamwe. Mwanafunzi mgeni huiona kama ardhi iliyopotea, na tena huwa ndiyo miti mizuri kuliko yote, iko karibu na njia, matawi yako chini. Kishawishi cha kuhesabu mti ulio karibu ni kikubwa mno mchana wa jua.

Kituoni unaweza kuuacha mti usiopuliziwa uungue, kwa kuwa hauna mwenyewe wa kuulilia. Vijijini ni habari nyingine. Majaribio mengine hufanyika kwenye mashamba ya wakulima kwa makubaliano, ili dawa ipimwe katika hali wanayoishi nayo. Tulikwenda kwa mzee mmoja wa uwanda wa juu, kule kwa Wamakonde, na miti yake ya kulinganishia ilikuwa safi ajabu. Msimamizi wangu aliziona namba nilizoandika, akaitazama miti, hakusema neno. Tulipewa viti, chai ya rangi na muhogo wa kuchemsha. Tukaulizana habari za nyumbani, za msimu, za bei ya mwaka uliopita ghalani. Baada ya muda mrefu ndipo msimamizi akasema, kwa sauti ile ile ya mazungumzo, “Mzee, hii miti ya huku naona imependeza.”

Mzee akacheka. “Mwanangu, ule mti aliupanda baba yangu. Mmeniambia niutazame ukiumwa. Nimeutazama, nimeshindwa.”

Alikuwa ameipulizia mwenyewe, kwa salfa yake.

Nimewahi kusikia visa vya namna hii vikisimuliwa kwenye semina kama vichekesho vya ukaidi wa mkulima, watu wakacheka hadi kupiga meza. Sioni cha kucheka. Mkorosho mkubwa uliozaa vizuri ni ada ya mtoto, ni bati za nyumba, na mkulima anayekubali kuuacha bila dawa anachangia utafiti kwa mavuno yake, wakati sisi wengine tunachangia kwa mshahara wa watu wengine. Msimamizi hakumlaumu. Njiani kurudi alinieleza kwamba hesabu ya fidia lazima ifanywe kabla ya msimu, kilo kwa kilo, na ikifanywa vizuri mkulima mwenyewe ndiye anayeulinda mti usiguswe. Kwenye karatasi aliniagiza nisifute chochote. Niandike namba kama nilivyoziona, na pembeni: “Imepuliziwa na mwenye shamba, tarehe haijulikani.” Miti ile iliondolewa kwenye ulinganisho, lakini karatasi ilibaki kwenye faili na maelezo yake.

Sentensi hiyo ya pembeni imenifaa kuliko kozi nzima ya njia za utafiti.

Kuna hesabu nyingine niliyoipenda na kuichukia. Mbu wa mikorosho ni mdudu anayefyonza machipukizi mpaka yakawa na madoa meusi na kukauka, na adui yake mkubwa ni maji moto, wale chungu wekundu wanaoshona majani mabichi kuwa viota. Mti wenye maji moto wengi huwa na machipukizi mazima, na Naliendele kumefanyika kazi kubwa ya kuwatumia kama kinga isiyotumia sumu. Kwenye kitabu inasomeka vizuri sana. Ukiwa chini ya mti, mikono yote miwili imeshika fremu na wao wamekwisha kuingia kwenye kola, unawaelewa wapogoaji na waokotaji wanaowachomea viota. Wingi wao hauwezi kujulikana kwa kuhesabu chungu mmoja mmoja. Unahesabu matawi makuu ya mti, kisha matawi ambayo yana njia zao zinazopita, na sehemu hiyo ya matawi ndiyo kipimo. Nilipoelezwa nilifurahi kama mtu aliyefumbuliwa kitendawili, maana ni werevu wa hali ya juu: kitu kisichohesabika kimepimwa kwa kitu ambacho mtu yeyote anaweza kukiona. Chungu wengine wadogo wa ardhini huwafukuza maji moto kwenye mti, na hao nao wana utaratibu wao wa kuhesabiwa, lakini mfanyakazi wa kitengo hicho anaweza kuusimulia vizuri kuliko mimi.

Bustani ya miche niliipita haraka. Nilijifunza kubebesha, kuondoa majani ya tawi mama siku kadhaa kabla ya kukata kikonyo ili macho yake yavimbe, na kufunga kiungo kwa ukanda wa nailoni, na mkono wangu ukawa mzuri. Ni ufundi unaolipa, na wawili kati ya waliokuwa nami fildi wanaishi kwa ufundi huo leo. Lakini hausimuliki, hufanywa.

Ghala la karanga na ufuta nalisimulia kwa sababu ya lebo. Kituo kile, kilichoingia chini ya Taasisi ya Utafiti wa Kilimo Tanzania (TARI) baada ya sheria ya 2016 iliyoiunda, kina korosho kama kazi kubwa, lakini mbegu za karanga zinazolimwa sehemu nyingi za nchi zimetoka humo pia. Ipo Pendo ya 1998, na zipo zile za 2009 zilizopewa majina ya huko huko kusini: Mangaka, Mnanje, Masasi, Nachingwea na Naliendele yenyewe. Kila mfuko wa sampuli huwekwa lebo mbili, moja ndani na moja nje, na zote huandikwa kwa penseli. Wino wa kalamu hupauka juani na huyeyuka kwenye unyevu, penseli hubaki. Mfuko ukipoteza lebo zote mbili si mbegu tena, ni karanga za kukaanga, hata kama ndani yake mna kazi ya msimu mzima. Fundi wa ghala alikuwa na kikaango, na hakuwa akitania.

Ripoti yangu ilikuwa ya kawaida. Kwenye sehemu ya njia za kazi niliandika kwamba mashada yalipewa namba na watu wanne, wawili wakiwa na uzoefu wa muda mrefu na wawili wanafunzi, kila mmoja bloku yake, baada ya kupatanishwa macho. Mwalimu aliyesahihisha aliipigia mstari sentensi hiyo na kuweka alama ya kuuliza pembeni. Hakunipunguzia maksi.

Kazini kwangu sasa swali la kila msimu ni moja: nipulize mara ngapi? Wengi hupuliza kwa kalenda, mwezi ukifika bomba linatoka, hata pale ugonjwa ulipo mdogo. Simjibu mtu akiwa amesimama mlangoni mwa ofisi. Tunakwenda kwenye mti, tunageuza mashada, ananiambia anachokiona kabla sijamwambia ninachokiona mimi. Na tangu ugonjwa wa mnyauko fuzari ulipoonekana Mkuranga mwaka 2012 na wakulima wakaanza kuogopa kila tawi lililokauka, kutazama kwa pamoja kumekuwa na kazi ya ziada, kwa sababu mti wenye njaa ya maji, mti uliotobolewa na wadudu na mti wenye mnyauko hufanana ukiwa unapita kwa pikipiki.

Msimu uliopita nilipokea wanafunzi wawili waliotaka takwimu za ubwiriunga katani kwangu kwa ajili ya ripoti zao. Niliwapa fremu na penseli. Walihesabu miti ile ile, kila mmoja peke yake, wakarudi na namba zilizoachana, wakaniuliza wachukue za nani. Mmoja alipendekeza wastani. Niliwarudisha shambani na karatasi zote mbili, wakasimama pamoja chini ya kila mti. Saa saba mchana walikuwa wamepatana juu ya yote isipokuwa miwili, na hiyo miwili tuliiandika kwa namba zote mbili, kila namba na jina la aliyehesabu.